Mama kapata kiharusi na mkono haufunguki: je hii mashine ya kusisimua ubongo inunuliwe?

Swali lenyewe, nimelifupisha: "Shikamoo dokta. Mama ana miaka 61, tuko Tanga. Alipata kiharusi miezi saba iliyopita, upande wa kulia wote ukalala. Mguu umerudi, anatembea na fimbo, ila mkono bado. Vidole anakunja lakini kuvifungua ndo shida, vinafunguka kidogo tu. Kazi yake ilikuwa kusuka ukili na kushona mikeka, sasa hivi anakaa tu analia. Kaka yangu yuko Maskati, kaona mtandaoni kimashine cha betri cha kuvaa kichwani, kinapitisha umeme kwenye ubongo na wanasema mkono unarudi ndani ya wiki nne, kwa hela yetu kama laki tisa. Shangazi nae anasema bora tuchange tumpeleke India kuna sumaku ya kichwa. Tufanye lipi? Hatutaki kupoteza hela bure."

Marahaba dada, na poleni na kuuguza. Kabla sijaenda mbali, mi sio dokta, ni mtu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi, wagonjwa wa kiharusi ndo kazi yangu ya kila siku, kwaiyo dawa za mama msizibadilishe kwa maneno yangu. Jibu fupi nakupa mapema ili kaka asije akalipia wakati we bado unasoma: kile kimashine msinunue, India kwa ajili ya sumaku tu msiende, na hiyo laki tisa ina kazi nzuri zaidi hapo hapo Tanga. Sasa nikwambie kwa nini, maana sitaki uniamini tu kwa vile nimesema, na pia hiyo mashine sio utapeli mtupu, kuna sayansi ya kweli nyuma yake na ndo maana inawachanganya watu wengi.

Mkono wa mama hauumwi. Misuli ipo, mifupa ipo, mishipa ya fahamu ya mkononi ipo. Kilichoumia ni kwenye ubongo upande wa kushoto, kule amri inakotoka, au njia ambayo amri inashuka nayo, inavuka upande wa pili huku chini karibu na shingo alafu inaenda mkono wa kulia. Njia hiyo ikikatika yote amri haifiki. Ikibaki nyuzi chache amri inafika kidogo, dhaifu, imechanganyika. Na kufungua vidole kunahitaji hiyo njia kuliko kukunja, ndo maana wagonjwa wengi sana wanaweza kukamata kitu ila kukiachia hawawezi. Hiyo unayoniambia ya mama ni hadithi ya kila siku kwangu. Ila umeandika "vinafunguka kidogo tu". Hayo maneno matatu ndo yamenifurahisha kuliko yote kwenye swali lako, na nitayarudia huko mbele.

Sasa hizo mashine. Ziko mbili na watu wanazichanganya.

Ya shangazi, ya sumaku, inaitwa TMS. Ni koili ya waya yenye umbo la namba nane, inashikiliwa juu ya kichwa, inapitisha umeme mkali kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja ikigawanywa mara elfu, na hapo inatokea sumaku yenye nguvu kama ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili. Sumaku inapita kwenye fuvu bila kuumiza na kule ndani inazaa umeme kwenye seli za ubongo. Ukilenga ile sehemu ya mkono, kidole kinaruka chenyewe. Mara ya kwanza kukiona we unaweza kukimbia, mtu kakaa kimya hajafanya chochote na kidole gumba kinacheza! Alieanzisha ni Anthony Barker na wenzake pale Sheffield, Uingereza, mwaka 1985. Ni mashine kubwa, ya bei mbaya, inapiga kelele "tak tak tak" mpaka unaziba masikio, na inaendeshwa na mtu aliesomea.

Ya kaka ndo tDCS. Hii ni rahisi mno, betri, waya mbili, sponji mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi. Umeme wake ni miliampia 1 au 2, unapita dakika kama 20. Haurushi kidole. Unachofanya, kwa maelezo ya walioifufua hii kitu, Nitsche na Paulus wa Göttingen Ujerumani mwaka 2000, ni kuzisogeza seli ziwe rahisi kidogo kuamka au ngumu kidogo kuamka, kutegemea sponji ipi iko wapi. Nimesema walioifufua maana kutibu kichwa kwa umeme ni mambo ya kale, tabibu mmoja wa Kirumi miaka kama elfu mbili nyuma alikuwa anawawekea wagonjwa wa kichwa samaki wa jamii ya taa, yule anaepiga shoti, hai kabisa, juu ya paji la uso. Sijui wangapi walirudi kwa kikao cha pili.

Alafu kuna nadharia iliyofanya watu wote wachangamke. Nusu mbili za ubongo ni kama wake wenza kwenye nyumba moja, kila mmoja anamnyamazisha mwenzie kidogo na nyumba inatulia. Mmoja akiugua, yule mzima anabaki anaongea peke yake kwa sauti kubwa na mgonjwa hata akitaka kunong'ona hasikiki. Mwaka 2004 watafiti walipima hiki kitu kwa wagonjwa wa kiharusi wakaona kweli, mgonjwa akitaka kusogeza kidole upande mzima unaendelea kuukandamiza upande ulioumia wakati ulitakiwa uachie. Basi wakasema dawa ni mbili: ama mtulize mke mzima kwa sumaku ya polepole, pigo moja kila sekunde, ama mpe nguvu yule mgonjwa kwa sumaku ya haraka au umeme wa betri. Nadharia tamu, inaeleweka, inauzika. Tafiti ndogo ndogo zikaja nyingi, watu 10 hapa, 20 pale, na nyingi zilisema inasaidia. Kule Japani wakaiweka kabisa kwenye hospitali, siku 15 za sumaku pamoja na mazoezi makali, na 2012 wakatoa majibu ya wagonjwa 204 wakiwa wamepata nafuu. Ila hao 204 hawakulinganishwa na mtu yeyote aliefanya mazoezi yale yale bila sumaku, na hapo ndo kwenye shida yote.

Kwa sababu walipokuja kulinganisha vizuri, mambo yakawa hivi. Marekani, vituo 12, wagonjwa 199, wote wako kati ya miezi mitatu na 12 tangu kiharusi, yaani watu kama mama yako kabisa. Nusu na zaidi wakapata sumaku ya kweli, waliobaki wakapata ya kuigiza, inalia vile vile ila haifanyi kazi iliyokusudiwa, na mgonjwa hajui yuko kundi lipi. Vikao 18. Kila kikao, kabla na baada, fizio wa nguvu, mazoezi ya vitu mgonjwa mwenyewe anavyotaka kufanya nyumbani. Baada ya miezi sita wakapima kwa kipimo cha mkono chenye alama 66, wakahesabu waliopanda alama 5 au zaidi. Sumaku ya kweli asilimia 67. Ya kuigiza asilimia 65. Ilichapishwa 2018.

Soma tena hizo namba dada. Watu wengi wanazisoma wanasema "aa, imefeli". Mi nilipozisoma nikaona kitu kingine: theluthi mbili ya watu ambao miezi ilishapita, ambao majirani walishawaambia ndo basi tena, mikono yao ilipanda! Na walichokuwa nacho kwa pamoja makundi yote mawili sio sumaku, ni vikao 18 vya mazoezi na mtu anaejua anachofanya na mgonjwa anaekuja bila kukosa.

Ile ya betri nayo imepitishwa kwenye chekeche hilo hilo. Matokeo yalitoka 2025, Marekani tena, wagonjwa 129, makundi matatu: umeme wa kuigiza, miliampia 2, na miliampia 4, wote kwa pamoja na mazoezi ya kulazimisha mkono mbovu. Makundi yote yakapata nafuu na hakuna kundi lililomzidi mwenzie kwa maana ya kusema hapa umeme umefanya kazi. Hao walikuwa na wataalamu, vipimo, na mashine za maabara, sio kofia ya mtandaoni. Na hata wazo lenyewe lina tundu, mwaka 2018 watu walipima kwenye miili ya marehemu wakaona kama robo tatu ya huo umeme unaishia kwenye ngozi na fuvu, ndani inafika chenga. Ukiongeza nywele zilizosukwa na mafuta ya nazi chini ya sponji, mi sijui hata hiyo chenga itafika. Hili la nywele sio utani, hizi mashine zilitengenezwa na watu wenye nywele za aina nyingine na kwenye nywele zetu kushikisha vizuri ni kazi kweli.

Najua shangazi atakuja na swali, mbona kuna wataalamu wanaikubali? Ni kweli. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wengi wa Ulaya waliandika muongozo wakaipa sumaku ya polepole kwenye upande mzima daraja la juu kabisa la ushahidi, ila kwa wagonjwa walioko kwenye wiki na miezi ya mwanzo, ubongo ukiwa bado unajipanga wenyewe kwa kasi. Mama ameshavuka pale. Na kuna jambo jingine hawa wauzaji hawalisemi. Ile hadithi ya wake wenza sio ya kila nyumba. Kwa mtu ambae upande mmoja umeharibika sana, ule upande mzima ndo unaobeba kidogo alichobakiwa nacho, sasa ukienda kuutuliza umemsaidia nini? Unaweza kumrudisha nyuma. Kwaiyo mashine ile ile, kichwa kimoja inafaa kingine inadhuru, na bila vipimo hujui mama yuko wapi. Mtu anaekuuzia kofia moja kwa vichwa vyote anauza kofia.

Mimi binafsi nikiulizwa sumaku hii ina faida gani kubwa kwa mkono wa kiharusi nasema ni tochi kabla haijawa dawa. Kule Auckland, New Zealand, kundi la mtafiti Cathy Stinear wanaitumia kuangalia tu: siku ya tatu baada ya kiharusi wanapima nguvu ya kunyanyua bega na kunyoosha vidole, wanatoa alama mpaka 10. Mwenye 5 na kuendelea wanajua atakuwa na mkono mzuri au wa wastani mzuri hata bila mashine. Mwenye chini ya hapo ndo anapigwa sumaku mara chache, kidole kikicheza maana yake njia ipo, kuna waya umebaki, kazaneni. Kisipocheza wanapanga matibabu tofauti. Wanapatia kama watu watatu kati ya wanne. Hiyo ni akili nzuri ya kutumia mashine, kujua upande wa kuweka nguvu.

Na hapa narudi kwenye "vinafunguka kidogo tu". Mama ameshakupa jibu la tochi bila kwenda India. Kidole kinachofunguka hata kidogo kwa amri yake mwenyewe maana yake njia haijakatika yote. Mhakikishe hivi: mkono uwe juu ya meza, kiganja kining'inie ukingoni, mwambie anyanyue kiganja juu alafu afungue vidole, na asisaidiwe na mkono wa kushoto. Kama kiganja kinapanda na vidole viwili vitatu na dole gumba vinafunguka hata nyuzi 10 za kipimo cha pembe, yaani kidogo tu, basi anaingia kwenye lile kundi ambalo dawa yake tunaijua.

Dawa yenyewe ni kuufunga ule mkono mzima. Ubongo ni mvivu kama sisi, ukiona mkono wa kushoto unamaliza kazi unaacha kabisa kuuliza wa kulia, na mkono unaosahauliwa unakufa kwa kusahauliwa juu ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa Marekani wa watu 222, miezi mitatu mpaka tisa baada ya kiharusi, mkono mzima ukavalishwa glavu nene karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, huku mbovu ukifanyishwa kazi mpaka saa sita kwa siku. Mwaka mzima baadae bado walikuwa mbele ya wale wa matibabu ya kawaida. Glavu! Soksi nene inatosha. Sasa siwaambii mumfunge mama saa zote, anatembea na fimbo na mkono wa kushoto ndo unaoishika, akidondoka tumeharibu kila kitu. Akiwa amekaa tu, na mtu yuko nae, na asiwe anashika kitu cha moto.

Kitu ambacho watu hawajui ni idadi. Kuna watafiti walikaa wakahesabu kwenye vikao 312 vya mazoezi ya viungo Marekani na Kanada, mgonjwa anarudia kitendo cha mkono mara ngapi. Wastani 32. Wakati wanyama wa maabara wanarudishiwa mkono kwa kurudia mara mamia kwa siku. Na sio kwamba wagonjwa hawawezi, walipojaribu kuwapa kazi iliyopangwa vizuri watu walirudia zaidi ya mara 300 ndani ya saa moja, watu ambao kiharusi chao kilikuwa cha zamani. Kwetu huku hali ni mbaya zaidi, mgonjwa anakuja mara moja kwa wiki, anasubiri saa mbili, anafanyiwa kukunjwa na kukunjuliwa na mtu mwingine dakika kumi na tano, anarudi nyumbani kukaa. Nakiri na mimi nimefanya hivyo miaka, foleni ikiwa ndefu. Kukunjuliwa na mtu mwingine kunazuia mkono kukakamaa, vizuri, ila ubongo haujajifunza kitu kwa sababu haukuwa wenyewe unaotoa amri.

London kuna programu pale Queen Square, saa 90 za mkono ndani ya wiki tatu. Walipotoa majibu ya wagonjwa 224, nusu yao walikuwa wamepita miezi 18 tangu kiharusi, wengine miaka, na walipanda na miezi sita baadae walikuwa hawajashuka. Miezi 18 dada, mama ana saba. Yule aliekwambia baada ya miezi sita ndo mwisho (najua yupo, kila familia inae) alisikia nusu ya habari. Kasi inapungua ndio, mlango haufungwi.

Kwaiyo hesabu yangu ya laki tisa ni hii. Tafuteni mtu wa fizio, au mtaalamu wa tiba kazi kama yupo hospitalini kwenu, akubali kuja nyumbani mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili hivi, nauli juu yenu. Sio aje kumchua. Aje kumpangia kazi, kumuongezea ugumu, na kumfundisha mmoja wenu kusimamia. Siku zilizobaki mnafanya wenyewe, vipindi vinne vitano vya dakika kumi na tano, mkihesabu kwa sauti na mkiandika kwenye daftari. Anzeni na 100 kwa siku mkielekea 300. Na sio mazoezi ya hewani, mpeni vitu. Kushika chupa tupu ya maji na kuiachia, kuachia ndo zoezi lenyewe. Vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo. Kuokota maharage moja moja kutoka ungo kwenda bakuli. Kukandamiza donge la chapati kiganja kikiwa kimefunguka, hii naipenda maana uzito wa mwili unavifungua vidole vyenyewe na kazi ya jikoni inapungua. Kukunja kanga. Kumenya karanga akifika huko. Akichoka vidole vikaanza kujikunja na bega kupanda simamisheni, apumzike, maana pale anaanza kujifunza makosa.

Kioo nacho ni cha bure. Kinasimamishwa katikati ya meza, mkono mbovu nyuma, mzima mbele, anafungua na kufunga mzima huku akitazama kwenye kioo, macho yanaona kama mbovu ndo unafunguka, na anajaribu kuufungua kweli kule nyuma. Inaonekana kama uchawi wa watoto ila mapitio makubwa ya 2018 yalikusanya tafiti 62 na yakakuta inasaidia. Nusu saa kwa siku.

Na kama kaka ana hamu sana ya kutuma kitu chenye betri, basi umeme uwekwe mkononi badala ya kichwani. Kuna vimashine vinavyobandikwa juu ya mkono, nyuma ya kigasha, vinaamsha misuli inayofungua vidole, na hivi vina historia nzuri zaidi kwa mgonjwa wa namna hii, hasa kama mama anajitahidi kufungua wakati huo huo umeme unapopita na sio anakaa anaangalia tamthilia. Ila fizio ndo amuonyeshe pa kubandika, na asiwe na kifaa cha kuendesha moyo kifuani. Kwa kichwa msijaribu kabisa. Ubongo ulioumia na kiharusi uko karibu na degedege kuliko wa mtu mwingine, dawa kama tramadoli na amitriptilini zinausogeza karibu zaidi, na zile sponji zikikauka zinaunguza ngozi. Ukigeuza waya unaweza kuwa unalaza kile unachotaka kuamsha. Kuna kijana aliwahi kuniletea baba yake ana alama mbili nyeusi za kuungua kwenye paji la uso, kimashine cha aina hiyo hiyo, na nilipouliza walikuwa wanakiweka upande gani akasema "popote panaposhika".

Kuchua kwa mafuta sina ugomvi nako ila pole pole na msivute mkono. Hili nalisisitiza: mama akinyanyuliwa kitandani asivutwe kwa mkono wa kulia, mkamateni kiunoni. Bega la mkono uliolegea linachomoka kidogo kidogo, likianza kuuma hatagusa zoezi lolote na mtapoteza miezi. Na maji ya moto ya kukanda, pimeni nyie kwa mkono wenu, yeye anaweza asihisi mpaka ngozi imeshaungua.

Kuna kingine nikitaje maana kaka akiendelea kutafuta mtandaoni atakikuta. Marekani 2021 walikubali kifaa cha kupandikizwa kifuani chenye waya unaozunguka mshipa wa fahamu wa shingoni, fizio anabonyeza kitufe mgonjwa anapofanya kitendo, ubongo unapigwa msukumo sekunde hiyo hiyo. Kwa watu 108 waliolinganishwa, waliopigwa msukumo walipanda alama 5 kwenye kile kipimo cha alama 66 na wasio na msukumo 2.4. Hiki kimefanya kazi kiasi, ila ni upasuaji na ni gharama ya kutisha. Nakitaja kwa sababu moja tu, kilifanya kazi kikiwa kimefungwa kwenye kitendo cha mgonjwa mwenyewe, mamia ya vitendo kila kikao. Hamira bila unga haiumui kitu. Kama siku moja ile sumaku itathibitika nadhani itakuwa kwa njia hiyo hiyo, ikipigwa kwa wakati na kwa mgonjwa aliepimwa, na utafiti unaendelea, mi sijaufunga ukurasa.

Sasa mambo mawili ya hospitali ambayo hukuyauliza. La kwanza "anakaa tu analia". Kama theluthi moja ya waliopata kiharusi wanapata sonona, na hii sio kukata tamaa tu ya kibinadamu, ni ubongo pia umeguswa, inatibika, na asipotibiwa hata mazoezi hatafanya, maana nani atabana vibanio 300 na moyo umelala. Mwambieni daktari wake kwa neno hilo hilo, analia. Cha kuchekesha ni kwamba ile sumaku ya shangazi Marekani waliikubali tangu 2008 kwa ugonjwa wa sonona, sio kwa mkono. La pili presha. Kuna utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar wa mwaka 2003 mpaka 2006 ulionyesha Dar, ukishasawazisha umri, viharusi vipya kama 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Hai kama 109, kwaiyo mko wengi kwenye hii safari, na presha isiyotibiwa ndo ilikuwa kwenye foleni ya mbele ya visababishi. Kama mama anameza dawa siku akijisikia vibaya na kuacha akijisikia vizuri, kiharusi cha pili kitafuta kila tulichofanya. Dawa ya presha haiachwi kwa sababu presha imeshuka, imeshuka kwa sababu ya dawa.

Vidole vikiwa vimekaza sana mpaka kusafisha kiganja ni shida, hapo mnamuona daktari kuhusu kuchoma sindano ya botoksi, dawa ya kulegeza misuli, ila kwa maelezo yako sidhani kama mama yuko huko.

Naomba ufanye hivi. Leo au kesho mchukue video kwa simu, ule mtihani wa meza niliokuambia, na uhifadhi na tarehe. Kila baada ya wiki mbili rudia mezani pale pale, simu pale pale. Mabadiliko ya mkono ni ya pole pole, anaekaa nae kila siku hayaoni na ndo watu wanaacha kabla ya wakati, video haisahau. Alafu, na hili ni la mama mwenyewe, msisubiri mkono upone ndo arudi kwenye ukili. Mpeni miaa mipana, iliyoloweshwa ikawa laini, asianze na kusuka, aanze na kushikilia tu mwanzo wa ukili kwa mkono wa kulia wakati mtu mwingine anasuka. Kushikilia anaweza leo. Baada ya wiki kadhaa abadilishe, yeye ndo awe anaachia jani moja na kudaka lingine. Atakosea, ukili utakuwa umepinda vibaya, msiutupe, uwekeni na tarehe kama video.

Mwambie shangazi nimemsalimia, na kaka hela aitume kwa simu.